Sade ni mtu au ni bendi? Jibu kwa mwimbaji anayeambiwa awaache wenzake

"Shikamoo. Mimi ni mwimbaji, nina miaka 27, naimba na bendi ya watu watano hapa Dar es Salaam. Tunapiga hotelini na kwenye harusi, na tumeshatunga nyimbo zetu wenyewe saba. Sauti yangu ni nzito, ya chini, na watu hunifananisha na Sade; 'Smooth Operator' naombwa kila wiki. Sasa kuna prodyuza amenisikia, anataka kunisainisha mimi peke yangu. Anasema bendi ni mzigo, na kwamba hata Sade alianza na bendi miaka ya themanini, alipopata jina akaiacha, ndiyo maana leo hakuna anayewajua wale wanamuziki. Mpiga gitaa wetu, ambaye ndiye ninayetunga naye, anadai Sade ni jina la bendi. Nimebaki njia panda. Nani anasema kweli? Na kama bendi ilikuwa muhimu hivyo, mbona Sade hupotea miaka kumi bila albamu? Si dalili kwamba mambo yalivunjika? Naomba unisaidie kabla sijatia saini."

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi, maana wengi hunifikia wakati mkataba umeshasainiwa na nakala hawana. Nikikusoma vizuri, swali la Sade ni mlango tu. Unachotaka kujua ni kama utakuwa mjinga ukibaki na wenzako, au msaliti ukiondoka. Nitafika huko. Lakini prodyuza wako amejenga hoja yake yote juu ya habari ya Sade, na habari hiyo ameipindua, kwa hiyo tuanze nayo.

Mpiga gitaa wenu yuko sahihi, ingawa hajamaliza maneno. Sade ni jina la mtu na pia ni jina la bendi. Mtu ni Helen Folasade Adu, aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, Januari 1959, baba Mnigeria, mama Mwingereza. Wazazi walipotengana, mama alirudi na watoto Uingereza, na binti akakulia Essex, mashariki ya London. Wengi humdhania Mmarekani kwa sababu ya aina ya muziki. Alisomea ubunifu wa mavazi katika chuo cha Saint Martin's, London, na wala hakuwa na mpango wa kuimba. Bendi ni watu wanne: yeye, Stuart Matthewman anayepiga saksofoni na gitaa, Andrew Hale kwenye kinanda, na Paul Denman kwenye besi. Wanne hao wapo tangu albamu ya kwanza ya mwaka 1984 hadi leo.

Kidogo kuhusu jina, kwa kuwa unaliimba kila wiki na huenda unalitamka vibaya jukwaani. Folasade ni jina la Kiyoruba, na kwa maandishi ya Kiyoruba ile "s" ina nukta chini yake, inasomwa "sh". Wachapishaji wa Kiingereza waliiacha nukta, dunia nzima ikaanza kusema "Sadee" na "Seidi", mpaka kwenye kava za albamu ya kwanza ikabidi wachapishe maelezo ya jinsi ya kulitamka. Mswahili hahitaji maelezo hayo. Andika "Shade", soma kama unavyosoma neno lolote la Kiswahili, na utakuwa umeikaribia Ibadan kuliko Waingereza wengi.

Ushahidi kwamba ni bendi uko hadharani, hata kwenye tuzo. Mwaka 1994 "No Ordinary Love" ilipata Grammy ya uimbaji wa R&B katika kipengele cha watu wawili au kundi. Mwaka 2011 "Soldier of Love" ikapata tuzo ya kipengele hichohicho. Mwimbaji wa kujitegemea hapewi tuzo ya kundi. Sababu ya watu kuchanganyikiwa naielewa: kwenye kava yumo yeye peke yake, nywele amezivuta nyuma, hereni kubwa za duara, na jina lililoandikwa ni lake. Huku kwetu hakuna anayedhani bendi za dansi kama Sikinde au Msondo ni jina la mtu, kwa hiyo kosa hilo halitokei. Kwao jina la mwimbaji na jina la kundi ni moja, basi watu wakaliona la mwimbaji tu.

Sasa nimtendee haki prodyuza wako, kwa sababu kuna kipande cha ukweli mkononi mwake. Sade kweli aliwahi kuacha bendi. Bendi hiyo iliitwa Pride, kundi kubwa la funk la London mwanzoni mwa miaka ya themanini, ambamo yeye aliingia kuitikia. Katikati ya maonyesho ya Pride alikuwa anapewa nafasi ya kuimba nyimbo za taratibu akiwa na wenzake wachache, na hapo ndipo makampuni ya rekodi yalipomwona. Na ni kweli pia yalimtaka yeye, hayakuitaka Pride nzima. Mpaka hapo anayekushauri hajakosea.

Anakosea kwenye kilichofuata. Mwaka 1983 alipotoka Pride hakutoka peke yake. Alitoka na Matthewman, aliyekuwa akitunga naye, na Denman, na mpiga drams Paul Cooke, na Hale wa kinanda akawa pamoja nao. Hao ndio waliokuwa Sade. Kampuni ya Epic ilimsainisha yeye mwaka huo wa 1983, na wenzake wakasaini mwaka uliofuata. Uitazame tarehe hiyo vizuri. Kampuni ilianza na mwimbaji, jambo ambalo nawe linakukuta, na bado haikuishia kwake. Isitoshe, aliiacha Pride kabla ya kupata jina. Baada ya kupata jina hakumwacha mtu kwa ajili ya kwenda kujitegemea. Cooke ndiye aliyeondoka, mwaka 1984, na tangu hapo nafasi ya drams hupigwa na wanamuziki wa kualikwa. Kwa ufupi, aliacha kundi kubwa akabaki na wale aliotunga nao.

Nakuomba usipite haraka hapo, kwa sababu wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mpiga gitaa ndiye unayetunga naye.

Chukua "Your Love Is King", wimbo wao wa kwanza kutoka kama singo, mwanzoni mwa 1984. Usiuimbe, usikilize tu, ikiwezekana kwa spika za masikioni. Wa kwanza kusema ni saksofoni. Sade anaingia baadaye, kwa sauti ya chini, karibu sana na maiki, bila kupandisha. Akifika mwisho wa mstari anaacha nafasi, na ile saksofoni inajibu humo. Besi ya Denman inatembea chini bila kujaza kila pigo. Kinanda kinagusa na kuondoka. Nimepiga besi katika bendi za hoteli kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kupiga namna hiyo ni kugumu kuliko kupiga kwa fujo. Mikono inawasha kutaka kuongeza noti. Wanaofanya hivyo ni watu waliokaa pamoja wakaijua pumzi ya mwimbaji wao.

Watu wanaposema unafanana na Sade, wanazungumzia sauti yako, lakini wanachokisikia ni sauti pamoja na nafasi inayoachiwa. Sauti nzito ya kike inamezwa kirahisi. Ukiiwekea kinanda kizito, gitaa lenye mngurumo na drams za kupasua, mwimbaji inabidi apige kelele ndipo asikike, na akipiga kelele kile kilichowavuta watu kinapotea. Prodyuza aliyekusikia hotelini alikusikia ukiwa na watu wanaokuachia nafasi. Huenda anaweza kukutengenezea nafasi hiyo kwa kompyuta. Wapo maprodyuza wazuri wanaoweza. Huenda hawezi. Utajua ukimwomba arekodi wimbo mmoja wa majaribio kabla ya mkataba, na uusikilize mwenyewe nyumbani siku ya pili, masikio yakiwa yamepumzika.

"Diamond Life", albamu ya kwanza, ilitoka Julai 1984. Prodyuza alikuwa Robin Millar, mtu ambaye macho yake yalikuwa yanapofuka na ambaye masikio yake yalikuwa makali ajabu. Aliirekodi bendi jinsi ilivyokuwa, hakuibadilisha kwa wanamuziki wa kukodi. Albamu hiyo ilifika nafasi ya pili Uingereza na ikapata tuzo ya Brit, ya muziki wa Uingereza, ya albamu bora. "Smooth Operator", wimbo unaoombwa wewe kila wiki, ulifika nafasi ya tano Marekani mwaka 1985. Novemba mwaka huo ikatoka "Promise", ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Katikati hapo walikuwa wamepanda jukwaa la Live Aid, tamasha kubwa la hisani, uwanjani Wembley, Julai 13. Mwaka 1986 wakapewa Grammy ya msanii mpya bora. Kama kuna wakati ambao mwimbaji angeweza kusema "sasa naondoka, jina ninalo", ni huo. Hakuondoka. Albamu iliyofuata, "Stronger Than Pride" ya 1988, waliiproduzi wao wenyewe kama bendi.

Tuje kwenye ule ukimya unaokutia wasiwasi. Albamu zao ni sita tu: 1984, 1985, 1988, 1992, 2000 na 2010. Ukizipanga utaona nafasi zinapanuka: mwaka mmoja, mitatu, minne, minane, kumi. Kwa macho ya biashara inaonekana kama kitu kinachokufa. Lakini tazama walikuwa wakifanya nini wakati huo. Mwaka 1996, Matthewman, Hale na Denman walitoa albamu bila mwimbaji wao, kwa jina la Sweetback. Mwaka huohuo Matthewman alishiriki kwenye albamu ya kwanza ya mwimbaji Maxwell, ile iliyofungua mlango kwa soul mpya ya Marekani. Hawakuwa wamegombana. Mwaka 2000 walirudi wote wanne na "Lovers Rock", gitaa likiwa mbele na saksofoni imerudi nyuma, na mwaka 2002 ikapata Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa pop. Miaka kumi baadaye "Soldier of Love" ilianza moja kwa moja namba moja Marekani, nakala 502,000 katika wiki ya kwanza. Hata baada ya hapo zimetoka nyimbo moja moja, mbili kwa ajili ya filamu mwaka 2018, na nyingine 2024.

Sade mwenyewe amewahi kueleza kwamba harekodi mpaka awe na la kusema. Namwamini. Sikiliza "Pearls" kwenye albamu ya 1992, wimbo kuhusu mwanamke wa Somalia anayeokota riziki kando ya barabara. Wakati huo Somalia ilikuwa kwenye habari za dunia kila jioni. Sauti yake mle haifanani na mahali pengine popote, inapanda mpaka karibu ipasuke. Wimbo wa namna ile huwezi kuupangia tarehe ofisini.

Lakini usinisikie vibaya ukadhani nakushauri uige ukimya huo. Ukimya wa miaka minane una gharama, na mlipaji lazima awepo. Kwao mlipaji ni nyimbo zenyewe: kila redio inapopiga wimbo, mtunzi anadai mirabaha yake, iwe yuko studio au amelala. Tena ukimya huo ulikuja baada ya kufanya kazi mfululizo. Kati ya albamu ya kwanza na ya pili ilipita miezi 16 tu. Wewe una nyimbo saba ambazo bado hazijarekodiwa. Kwa sasa mfano wako ni Sade wa 1984, usiangalie wa 2010.

Nimetaja mtunzi, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mnapotoa wimbo kuna vitu vitatu tofauti, na mkataba mbaya huvibeba vyote kwa sentensi moja. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti yake, ambao ni mali ya waliotunga. Kuna rekodi, ile iliyofanyika studio siku fulani, ambayo mara nyingi huwa ya aliyelipia. Halafu kuna jina mnalotumia jukwaani. Mtu anaweza kukosa kimoja akabaki na kingine. "Smooth Operator" waliutunga wawili, Sade Adu na Ray St. John, wote wakiwa Pride. St. John hakuwahi kuwa mwanachama wa bendi ya Sade. Hata hivyo jina lake liko kwenye wimbo huo mpaka leo, na ukiuimba wewe hotelini usiku wa Ijumaa unaimba kazi yake pia. "The Sweetest Taboo" vilevile, ametunga Sade na Martin Ditcham, mpiga ala za kugonga aliyealikwa. Na ukisoma majina ya watunzi kwenye "By Your Side" na "Soldier of Love" utakuta wanne wote. Nadhani siri ya kudumu kwao miaka arobaini iko hapo kuliko kwenye urafiki. Marafiki nimeona wakigombana sana. Aliyetunga aliandikwa.

Bendi niliyopigia ujanani ilivunjika kwa jambo hili hili. Wimbo wetu mmoja ulianza kupigwa sana, kikaja kipande cha karatasi chenye jina la mtunzi mmoja, wakati mstari wa besi na kiitikio vilitoka kwa watu wengine wawili. Hakuna aliyeiba kwa makusudi. Hatukuwa tumeandika, basi kila mtu alikumbuka alivyokumbuka. Tuliacha kusalimiana mwaka mzima.

Sasa njia zako, nizipime kwa haki. Kusaini peke yako si dhambi. Kama bendi yako wanakuja mazoezini wanapotaka, kama wawili kati yao wana kazi nyingine na muziki kwao ni posho ya wikiendi, unaweza kuwa unawasubiri watu ambao hawaendi popote. Waulize ana kwa ana, usikisie. Hasara yake ni kwamba nyimbo saba si zako peke yako. Ukizirekodi bila makubaliano na mpiga gitaa, unaanza maisha mapya na kesi mkononi. Kubaki na wote watano bila kubadili chochote ni salama kwa moyo, ila prodyuza anaweza kuondoka na gharama za kurekodi zikawashinda. Njia ninayoipendelea kwako ni ile aliyopita Sade mwenyewe: mwambie prodyuza kwamba unakuja na mtunzi mwenzako, na ikiwezekana na mpiga besi, na kwamba waliobaki watalipwa kwa kila rekodi wanayopiga. Akikataa hata kulijadili hilo, amekuonyesha namna atakavyokutendea wewe siku ukipata mshindani.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Mkataba wako sijauona, na hata ningeuona, unahitaji wakili aliye mbele yako, anayejua hakimiliki, awe amelipwa na wewe na asiwe amelipwa na prodyuza. Usikawie kumtafuta ikiwa unaambiwa usaini leo hii, ikiwa unakatazwa kwenda na nakala nyumbani, ikiwa mkataba uko kwa lugha usiyoielewa vizuri, au ukikuta maneno kama "haki zote" na "milele" kwenye mstari mmoja. Kabla ya hapo fikeni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, mkaandikishe nyimbo zenu saba kwa majina ya waliozitunga. Jina la bendi mkaulize BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kama liko wazi kusajiliwa. Safari hizo mbili zinaweza kufanyika hata kama mwisho wa yote utaamua kwenda peke yako.

Na kikao na wenzako kiwe wiki hii, mkiwa watano wote, ala zikiwa chini. Chukueni daftari, kila wimbo na ukurasa wake. Mwandike nani alileta maneno, nani alileta sauti, nani alibadili kiitikio, na mnagawanaje kwa asilimia. Nyimbo nyingi zitachukua dakika tano. Wimbo mmoja au mbili zitawashika mpaka usiku, na ni bora ziwashike sasa, kabla hazijapigwa redioni. Wote watano mtie saini kila ukurasa, mpige picha kwa simu, kila mmoja abaki nazo. Daftari hilo ndilo utakaloliweka mezani kwa wakili.